Siku tisa na ndoo ya udongo: Kongwa, Haubi, Gallapo, Marangu

Kwa miaka kumi na saba kazi yangu imekuwa kuchemsha udongo wa watu. Unafika maabara, hapa Morogoro, ukiwa kwenye vifuko vya nailoni vyenye herufi na namba. Naupima, naandika jibu, naosha vyombo. Shamba ulikotoka sijawahi kuliona. Kwa hiyo mtoto wa dada yangu, anayesomea shahada ya pili ya sayansi ya udongo, aliponiambia mwenzake wa safari ameugua na anahitaji mtu wa kumshikia ndoo, nilikuwa na siku kumi na nne za likizo na nikasema twende. Haya nimeyaandika upya kutoka kwenye daftari langu na picha za simu yake. Daftari limelowa, kwa sababu mtakayoiona siku ya tano.

Alichokuwa anatafuta ni naitrojeni, kirutubisho cha mimea: iko kiasi gani kwenye udongo mwekundu, kichanga na mbuga (ule mweusi unaonata), na inabadilikaje pale mtu anapopanda mahindi peke yake, mahindi na mbaazi, au migomba na kahawa. Tuliondoka wiki ya mwisho ya Novemba ili tuwahi mvua. Hatukuiwahi yote.

Siku ya 1, Jumatatu. Morogoro hadi Kongwa

Nauli mpaka Kibaigwa 10,000 kila mmoja. Tatizo lilikuwa ile chuma ndefu ya kuchimbia sampuli, sisi tunaiita oga. Konda aliizungukia mara mbili.

"Mama, hii ya nini?"

"Ya kuchimbia udongo."

"Dhahabu?"

"Udongo tu."

Alinitazama kama mtu anayeficha jambo, akatutoza 5,000 ya mzigo. Abiria wa nyuma aliingilia kutuombea, ikashuka 3,000. Swali hilo la dhahabu tuliulizwa kila tulipofika, kwa hiyo ushauri wa kwanza: usichomeke kitu kwenye ardhi ya kijiji kabla ya kupita kwa mtendaji na barua yako. Piga nakala nyingi. Tuliondoka na nne, tukarudi hatuna hata moja.

Kibaigwa tulishuka kula na kubadilisha gari. Ni soko la mahindi, na malori yalikuwa yamepanga foleni. Kijana wangu alikaa juu ya begi na kuanza hesabu kwa sauti. Gunia la kilo mia la mahindi lina naitrojeni kama kilo moja na nusu. Lori la tani 30 linaondoka na kilo 450 hivi. Mfuko wa urea wa kilo 50 una kilo 23, kwa sababu urea ni asilimia 46 naitrojeni. Kwa hiyo kila lori linalotoka pale ni kama limebeba mifuko ishirini ya urea iliyokombwa kwenye mashamba ya watu. Mama muuza chai alikuwa akisikiliza. Akauliza, "Na ikirudi, inarudi na nini?" Dereva mmoja akajibu linarudi na saruji.

Tukapanda noah hadi Mbande, halafu bodaboda kuingia Kongwa. Chumba 20,000, maji ya ndoo, usingizi mzuri.

Siku ya 2. Kongwa

Mtendaji alitupa mzee wa kutuongoza. Mzee akatusalimu "Mbukwenyi!" na akacheka sana nilipojibu shikamoo.

Kongwa ndiko Waingereza walikoanza mradi wao wa karanga mwaka 1947. Walitaka kulima zaidi ya ekari milioni tatu, waliagiza matrekta, wakafyeka pori, na mwaka 1951 mradi ukafungwa baada ya kuteketeza kama pauni milioni 36. Mzee alituonyesha upande yalikokuwa mashamba, kwa kidevu, bila kusimama. Nilidhani nafahamu kilichowashinda mpaka kijana alipoikita oga. Iligoma. Udongo mwekundu wa kiangazi ni kama sakafu. Alining'inia kwenye mpini kwa uzito wake wote na chuma ikaingia vidole vitatu. Karanga hujitafutia naitrojeni yake hewani kwa msaada wa bakteria wa kwenye mizizi, hivyo njaa ya mbolea haikuwa shida yao ya kwanza. Waliponzwa na mvua haba na huu ugumu: punje zilikomaa chini na ardhi ikazifungia humo humo.

Tulimaliza shimo la kwanza kwa sururu ya mzee. Utaratibu ni huu: unatembea shamba kwa kukatakata kona, unachukua sehemu kumi au zaidi za kina cha sentimita 20, unachanganya kwenye ndoo safi, unamimina juu ya turubai, unagawa nne, unatupa pande mbili zinazotazamana, unarudia mpaka ibaki nusu kilo. Ruka kichuguu. Ruka palipochomwa moto na palipokuwa zizi. Na ndoo isiwe iliyowahi kubeba mbolea, hata kama imeoshwa. Mimi nimewahi kupata majibu ya ajabu maabara, tukahangaika siku nzima, kumbe mtu alifunga sampuli kwenye mfuko wa mbolea ya CAN.

Shamba la mzee hulimwa kwa kuberega, yaani mtu anakwangua majani na kupanda bila kutifua. Anapanda uwele na mahindi. Mahindi ya mwaka jana yalikuwa bado yamesimama makavu, na chini yake kiduha kimekauka, lile gugu linalonyonya mizizi ya nafaka. Mahali pamoja tu palikuwa na mabua manene: chini ya mkababu. Vitabuni mti huo ni Faidherbia albida, na tabia yake ni ya kinyume. Wakati wa mvua, miti mingine ikivaa, wenyewe unapukutisha majani, hivyo mahindi yanapata jua. Kiangazi unakuwa na majani na mbuzi wanajazana kivulini, wanakula maganda yake na kuacha samadi. Tulichukua sampuli mbili, chini ya mti na hatua thelathini nje.

"Nitajuaje udongo wangu unasemaje?" mzee aliuliza. Nikaandika namba yake ya simu nyuma ya daftari.

Mchana mkewe alitukaribisha ugali wa uwele na mlenda. Hakutaka kupokea hela. Nilimwachia kilo mbili za sukari, nikamwambia ni za wajukuu.

Siku ya 3. Kongwa, Dodoma, Kondoa

Safari ya kukaa tu: lami yote, 9,000 kutoka Dodoma, dirisha lisilofunga.

Siku ya 4. Haubi

Pikipiki mbili kwenda Haubi, 15,000 kila moja, na oga imefungwa ubavuni kama mkuki. Barabara inapanda vilima na kushuka kwenye mikorongo ambayo zamani ilikuwa inameza nyumba. Hapa ndipo pa mradi wa HADO, Hifadhi Ardhi Dodoma, ulioanza 1973. Mwaka 1979 serikali iliamua mifugo yote iondoke kwenye eneo lililoharibika. Babu mmoja tuliyemkuta akichonga mpini anaukumbuka mwaka ule vizuri. Baba yake alikuwa na ng'ombe; walishushwa tambarare kwa ndugu.

"Miti ilirudi," alisema, akionyesha mlima. "Hiyo sikatai. Ulikuwa upara, sasa angalia. Lakini sisi wa chini tulikosa samadi."

Baadaye watu waliruhusiwa kufuga wachache wa ndani, wa kukatiwa majani, na yeye sasa ana mmoja na ndama. Alituonyesha shamba lake kama anayefungua kitabu. Karibu na banda udongo ni wa kahawia, umefunguka, mahindi ya mwaka jana yaliacha mabua ya kujaza mkono. Hatua mia moja mbele, udongo ule ule, mkulima yule yule, mbegu ile ile, mabua yamekuwa kama fimbo za kuchungia kuku. Sababu ni mgongo: samadi inabebwa kwa karai kichwani, na mtu mzima anamwaga pale anapochoka.

Kutoka pale tuliteremka kilima kwa miguu mpaka bondeni. Juu kuna changarawe, katikati wekundu, chini kichanga cheupe kilicholetwa na maji ya mikorongo, na watu wamepanda viazi vitamu juu yake. Kijana alifurahi kama mtoto. Ndivyo Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyekuwa akifanya kazi kituo cha utafiti cha Amani kule Usambara, alivyoiona ardhi ya Afrika Mashariki: aina za udongo hazikutawanyika ovyo, zinafuatana kwenye mteremko kama pete za mnyororo, na kila pete inajirudia kilima hadi kilima. Mwaka 1935 aliupa mpangilio huo jina la katena, neno la Kilatini la mnyororo, na hadi leo wanafunzi duniani wanalisoma. Mimi nilichokiona ni kwamba nilikuwa nateleza na viatu vimejaa mchanga. Kichanga kina kasoro moja kubwa: hakishiki naitreti, ile naitrojeni inayoyeyuka majini na kunyonywa na mizizi. Ukimwaga urea yote siku moja, mvua mbili nzito zinaizamisha chini ya mizizi. Gawa mara mbili, na uifukie; ikiachwa juu inageuka gesi ya amonia na kupaa.

Tulirudi Kondoa usiku. Mwendesha pikipiki wangu aliishiwa mafuta porini, na mwenzake akamvuta kwa mguu, yaani alikanyaga bomba la pikipiki yetu na kutusukuma kilomita kadhaa. Hakuongeza hata mia.

Siku ya 5. Kondoa, Babati, Gallapo

Basi 6,000, saa mbili hivi. Babati tukala wali na samaki wa ziwani, tukakamata noah ya Gallapo.

Gallapo ni nchi ya mahindi na mbaazi. Zinapandwa pamoja, mahindi yanatoka kwanza, mbaazi inabaki inajivuta peke yake mpaka kiangazi, ikidondosha majani chini wakati wote. Mama mwenye shamba alitupokea na mtoto mgongoni. Mbaazi zake zilikuwa zimevunwa na miti yake imefungwa mafungu ya kuni.

Nilimuuliza kwa nini nusu ya shamba ni mahindi matupu. Akasema kwa sababu ya 2017. Mwaka ule India ilibana uagizaji wa mbaazi, bei huku ikaporomoka, na watu wakaacha magunia yaliwe na wadudu. Mume wake aling'oa nusu. Na hajairudisha. Naitrojeni ya ekari moja ya Manyara kuamuliwa New Delhi, hilo fomu zetu za maabara hazina nafasi ya kuliandika.

Tulikuwa kwenye shimo la saba upande wa mahindi matupu ilipoanza. Kwanza upepo, halafu ile harufu ya vumbi lililolowa, halafu mvua ya kwanza ya msimu ikatumwagikia yote. Yule mama hakukimbilia nyumbani. Alikimbilia kuchukua mbegu. Dakika kumi baadaye, mvua ikiwa bado inanyesha, yeye, mume wake na watoto wawili walikuwa wanapanda.

Wanajua wanachokifanya. Udongo uliokauka miezi mingi ukilowa, vijidudu vinaamka na kushambulia mboji, na naitreti inafumka kwa wingi kwa siku chache. Mtafiti H. F. Birch aliyachunguza hayo Muguga, Kenya, na kuyachapisha mwaka 1958. Kitaalamu yanaitwa kwa jina lake. Anayepanda mapema mizizi yake inaikuta. Anayesubiri wiki mbili anakuta imeshazama.

Mimi nilikuwa nimeshika vifuko vilivyo wazi na kalamu ya wino. Lebo za nje zote zikafutika. Vifuko viwili sikujua tena ni vya wapi, na kijana hakusema neno kwa nusu saa. Kosa ni langu, na ndilo ninalowakemea wateja kila wiki: andika kwa penseli, weka karatasi moja ndani ya kifuko cha pili na nyingine nje. Penseli haifutwi na mvua.

Siku ya 6. Babati

Siku ya kukausha. Sampuli ya kupima naitrojeni yote inakaushwa kivulini, kamwe si juani wala jikoni. Tulitandaza magazeti kwenye kitanda, sakafuni, juu ya meza. Dada wa mapokezi aligonga kuleta taulo, akaona vilima kumi na tisa vya udongo kitandani. Nikajua tunafukuzwa. Alitazama, akauliza kama huo mweusi ni wa kwao Dareda, halafu akatufungulia stoo yenye upepo, bure. (Anayetaka kupima naitreti peke yake asituige: hiyo inataka udongo mbichi, kwenye barafu, na haraka, la sivyo vijidudu vinaendelea na kazi yao ndani ya kifuko.)

Siku ya 7. Magugu, Arusha, Moshi

Nauli hadi Moshi 14,000, lakini tulishuka Magugu kwa sababu kijana alitaka mbuga ya mpunga. Nami niliitaka. Nimekua nikisikia udongo mweusi ndio wenye rutuba, na huu ulikuwa mweusi kuliko masizi. Unanata. Uliifunga oga ukakataa kutoka, tukaukwangua kwa kijiko cha chai nilichonunua 500. Viatu vyangu vilikuwa na uzito wa matofali na dereva wa gari lililofuata alinilazimisha nivivue. Niliingia Arusha peku.

Mwenye jaruba alituambia mpunga wake unanjanoka kila mwaka hata akitia urea. Anaimwaga juu ya maji. Sehemu inapaa kama amonia. Sehemu inayogeuka naitreti, ikifika kwenye tope lisilo na hewa, bakteria wanaigeuza gesi. Kuifukia kwenye tope kunasaidia sana. Akasema kufukia kunataka vibarua. Sikuwa na jibu.

Siku ya 8. Marangu

Daladala kutoka Moshi 3,000. Kihamba cha bibi tuliyeelekezwa, yaani shamba la Kichagga linalozunguka nyumba, kimezungushiwa masale, mimea ya mpaka, na ukiingia jua linapungua: juu miti mikubwa, chini migomba, chini yake kahawa, chini kabisa magimbi na maharage machanga. Mfereji unapita pembeni. Banda lina ng'ombe wawili.

"Shimbonyi," kijana alijaribu. Bibi akamsahihisha lafudhi, akatukalisha, akatupa mtori kabla hatujasema shida yetu.

Oga iliingia yenyewe. Nilishika ule udongo na haukuwa na uzito, mweusi wa kahawia, umejaa nyuzi za mizizi, na minyoo miwili ilikuwa inahama. Niling'oa mche mmoja wa maharage kwa ruhusa. Mizizi ilikuwa na vinundu kama punje za ulezi. Nilikipasua kimoja kwa kucha: ndani wekundu wa nyama mbichi. Kikiwa hivyo kinafanya kazi. Kikiwa cheupe au cha kijani ni mzigo tu. Bibi alikuwa ameishi na maharage miaka sabini na kitu na hakuwahi kupasua kimoja. Alivipasua sita.

Nikamsifia udongo wa volkano. Akakataa. "Huu si mlima umenipa. Njoo uone." Njiani kijana mwingine alikuwa anashuka kwenye pikapu iliyojaa mabua ya mahindi kutoka shamba la familia, kule tambarare. Mabua yanapanda mlima kila mwaka, yanaliwa na ng'ombe, samadi inakwenda migombani. "Na kule chini mnarudisha nini?" Bibi alicheka. "Kule tunarudisha jembe."

Tulipoaga aliona vifuko na akakunja uso. Udongo wa kihamba hautoki hivi hivi, alisema. Nikaahidi kwamba kitakachobaki baada ya kupima hakitatupwa.

Siku ya 9. Moshi hadi Morogoro

Basi 30,000, kutwa nzima, mkonge pande zote mbili. Jumla tulitumia kama laki nne na nusu kwa wawili, chakula ndani.

Baadaye, maabara

Njia tunayotumia ni ya Johan Kjeldahl, Mdenmaki aliyeibuni mwaka 1883 akiwa maabara ya Carlsberg, ya watengeneza bia. Unauchemsha udongo kwenye asidi ya salfuriki mpaka uwe maji angavu, unatia magadi makali, na amonia inapanda kama mvuke hadi kwenye chupa ya asidi ya boriki. Rangi ya zambarau inageuka kijani. Halafu unadondosha asidi tone kwa tone mpaka irudi, na matone ndiyo jibu: yakiwa mengi, naitrojeni ni nyingi. Safari hii nilijikuta nasimama karibu.

Kihamba kilikunywa asidi kuliko vyote. Kongwa nje ya mti, matone machache na rangi ikarudi. Chini ya mkababu zaidi kidogo. Haubi karibu na banda na mbali na banda ni kama mikoa miwili. Mbuga ya Magugu, na weusi wake wote, ilikuja nyuma ya udongo mwekundu wa Gallapo. Weusi ule wa mbuga si mboji nyingi, na mimi niliuamini kwa miaka kumi na saba huku naupima.

Kijana alinuna kuhusu Gallapo. Mahindi na mbaazi, mahindi matupu: karibu sawa. Lakini ekari yenye asilimia 0.1 tu, kiwango tunachokiita cha chini, ina kama tani nzima ya naitrojeni kwenye sentimita 20 za juu, na nyingi imefungwa ndani ya mboji, inaachiwa kidogo kidogo mwaka hadi mwaka. Majani ya mbaazi ya misimu michache hayasogezi tani. Yanaonekana kwenye mahindi kwanza, kwenye chupa zangu baadaye sana. Atarudi Machi kupima mahindi yenyewe.

Vile vifuko viwili visivyo na jina nilivipima pia. Vimekaa rafuni.

Nilimpigia mzee wa Kongwa nikamwambia udongo wake una njaa, isipokuwa chini ya mti. Akasema hilo alikuwa analijua, alitaka kujua kama na mimi nitaliona. Tukaongea habari za mbegu za mkababu kwa muda mrefu.

Bibi wa Marangu alinipigia mwenyewe.

"Udongo wangu uliobaki umeufanyia nini?"

"Uko kwenye kopo dirishani, bibi. Nimepandia mchicha."

"Umeota?"

"Umeota."

"Basi usiuze."